Mkupuo umeenda wapi? Barua zenu za mafao

Mwezi huu barua za mafao zimezidi zote, na wengi mnauliza mkupuo, ile hela ya pamoja unayopewa mara moja ukistaafu, nimechagua nne, na nyingine zinafanana na hizi kwa iyo soma mpaka mwisho huenda lako limo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Shinyanga, niliajiriwa 1996 na mwaka huu natimiza 60 nastaafu. Mshahara wangu wa miaka ya mwisho ni kama 1,200,000. Wenzangu waliostaafu zamani waliondoka na mkupuo wa maana, mimi nimepigiwa hesabu naambiwa haifiki hata milioni 45. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote mwalimu wangu, na wala usikubali mtu akuambie una tamaa. Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu. Wanachukua wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, tuseme ndo hiyo 1,200,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 14,400,000. Wanazidisha na miezi yako 360 ya kazi, yani miaka 30, wanagawa kwa 580, inakuja kama 8,937,900 na hiyo ndo pensheni yako nzima ya mwaka. Hapo wanachukua 40% wanazidisha kwa 12.5, unapata mkupuo wa milioni 44.69, ile 60% iliyobaki wanaigawa kwa miezi 12 unalipwa kama 446,900 kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako.

Sasa angalia kikokotoo, yani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, cha zamani cha PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa mshahara huohuo na miezi hiyohiyo. Kugawa ilikuwa kwa 540 sio 580, mkupuo ulikuwa nusu nzima, na kuzidisha ni 15.5. Ungeondoka na 74,400,000 mkononi na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Yani wewe umepungukiwa karibu milioni 30 kwenye mkupuo halafu umeongezewa kama 46,900 kwa mwezi. Ukitaka hiyo nyongeza ikurudishie zile milioni 30 unahitaji miezi zaidi ya 630, miaka 52 na ushee, na wewe unaanza ukiwa na 60. Akija mtu kukutuliza kwamba "utafidiwa kwenye pensheni ya mwezi", mpe hiyo karatasi aisome mwenyewe.

Ilifikaje huku? Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, zikaja kanuni za mkupuo wa 25% kwa wote, watu wakalia sana, Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha vikarudi vikokotoo vya zamani. Julai 2022 ikaja 33%. Kelele hazikuisha, na bajeti ya Juni 2024 ikapandisha mpaka 40% kwa nyie ambao zamani mkupuo wenu ulikuwa 50%, na 35% kwa wale ambao wao ulikuwa 25%.

Na sababu kubwa ambayo haisemwi vya kutosha ni hii, kabla ya 1999 watumishi wa serikali kuu walikuwa hawakatwi michango, ila miaka yao ile ilihesabiwa na mfuko ukawa unailipia. Mfuko unalipa miaka ambayo haukuingia senti, serikali ndo ilitakiwa kuziba, haikuziba kwa wakati, mpaka 2021 ikatoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yani hati ya ahadi ya kulipa badala ya pesa mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza hilo deni. Mimi naumia kwa sababu deni hilo halikutengenezwa na mwalimu wa Shinyanga.

Ila kuna jambo moja liwahi leo hii. Miaka yako ya 1996 hadi 1999 haina rekodi ya makato, ushahidi wake ni barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini. Nenda kwa afisa utumishi uhakikishe zipo kwenye faili. Kila mwaka ukipotea unapoteza karibu milioni moja na nusu ya mkupuo na kama 14,900 za kila mwezi, milele. Nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi, nimemwona mama mmoja amekuja na barua ya ajira ameikunja kwenye leso pamoja na hela ya nauli, karatasi imechanika kwenye mikunjo hadi tarehe haisomeki, tukahangaika miezi kutafuta nakala.

SWALI: Bibi yangu ana miaka 74, maisha yake yote kalima na kusuka mikeka, hajawahi kuajiriwa. Kuna pensheni yake?

JIBU: Anaishi wapi? Kama ni Mzanzibari mkaazi ipo, inaitwa Pensheni Jamii, ilianza Aprili 2016 kwa kila mzee wa 70 kwenda juu, haijali alichangia au hakuchangia. Ilianza na 20,000 kwa mwezi sasa ni 50,000. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, ni 70 vilevile. Tanzania Bara pensheni ya wazee wote bado hatuna, na mi naamini inawezekana, maana Zanzibar wameweza.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Leicester, Uingereza, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mwaka wa nane sasa nakatwa kila mwezi. Nina 51, nimechoka na baridi nataka kurudi Tanga mwakani. Hizo hela zangu nitazikuta?

JIBU: Waaleikum salaam. Ndugu yangu usipande ndege bado. Una vitu viwili tofauti. Kuna pensheni ya kazini, ambayo mwajiri anaweka asilimia yake na wewe yako, hiyo ni akiba yenye jina lako haipotei hata ukiondoka leo, kwa umri wako utaanza kuigusa ukifika 57. Halafu kuna pensheni ya serikali, na hii inahesabu miaka, chini ya miaka 10 ya michango hupati kitu kabisa, ukitaka kamili ni 35. Wewe una 8. Ukiondoka mwakani na 9 umeacha pensheni ya maisha kwa sababu ya mwaka mmoja! Jikaze ufike 10, hata 11 kwa tahadhari, ingia kwenye akaunti yako ya kodi uhesabu miaka inayotambuliwa, maana mwaka uliofanya kazi nusunusu unaweza usihesabiwe.

La pili hawakwambii mapema. Ukiwa Tanga pensheni hiyo ya serikali utalipwa ila haitapanda. Wenzako wanaobaki Uingereza wanaongezewa kila Aprili, wanaoishi Tanzania au Kenya wanabaki na kiasi kilekile cha siku ya kwanza hata miaka 20. Kwa iyo usijenge mahesabu yote juu yake.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 29, nimefanya kazi hotelini Arusha miaka sita, juzi tumepunguzwa. Kila mwezi slipu ya mshahara ilionesha makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nimeenda kuangalia nimekuta miezi 41 tu. Bosi ananiambia nikae kimya atanipa kitu kidogo. Nifanyeje, na nikichukua fao la kujitoa, yani nitoe michango yangu yote sasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usikae kimya. Miaka sita mara miezi kumi na mbili ni 72, ukitoa 41 kuna miezi 31 hela yako ilikatwa haikufika. Makato ni 10% yako na 10% ya mwajiri, kwa iyo hapo imepotea mishahara yako zaidi ya sita mizima. Hiyo "kitu kidogo" nina hakika haifiki huko. Deni ni la mwajiri na mfuko una nguvu ya kisheria ya kumdai mpaka mahakamani, wewe kazi yako ni kupeleka ushahidi.

Fao la kujitoa kama mlivyolizoea liliondolewa 2018, sasa kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara wako kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Una 41 na umepunguzwa, unastahili. Ila barua ya kupunguzwa isome kabla ya kusaini, ikiandikwa umejiuzulu umelikosa. Ukipata kazi nyingine toa namba yako ileile usifungue mpya, kwa sababu pensheni inataka miezi 180 na hiyo 41 ni mwanzo wako. Sasa kusanya slipu zote 72, zilizopotea chukua taarifa ya benki inayoonesha mshahara ulivyoingia, piga kopi mbilimbili, jumatatu asubuhi uwe dirishani NSSF, na wenzako mliopunguzwa nao waje siku hiyohiyo.