Maswali na Majibu: Gramafoni ya marehemu baba inasuasua

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia radiogramu, yaani kabati la redio na gramafoni pamoja, na gramafoni yenyewe ni ya kampuni ya Garrard, ile ya kupanga sahani kadhaa juu zikawa zinashuka moja moja. Ilikaa stoo zaidi ya miaka 20. Fundi wa mtaani aliinyunyizia mafuta ya kopo, ikapiga vizuri wiki mbili. Sasa sinia la kuwekea sahani linazunguka kwa kusuasua, sauti inayumba, na sahani ikiisha mkono wenye sindano haurudi mahali pake. Fundi anasema mota imeungua. Je, ni mafuta gani ya kunyunyizia yanayodumu zaidi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Hakuna. Hakuna mafuta ya kunyunyizia yanayoponya gramafoni, yawe ya bei gani. Swali hili naletewa karibu kila mwezi, na kila mara mashine imeshapita kwa mtu mwenye kopo. Mota yako, kwa maelezo uliyotoa, haijaungua. Iliyoungua kwa kawaida haizunguki kabisa, na ukiisogelea unasikia harufu ya vanishi iliyobabuka. Yako inajitahidi kuzunguka ila imeshikwa.

Imeshikwa na grisi ya kiwandani. Grisi ni oili iliyofungwa ndani ya sabuni. Miaka ikipita oili inatoweka, inabaki ile sabuni, ngumu kama nta ya mshumaa. Imekaa kwenye ekseli ya sinia, kwenye gia kubwa iliyo chini yake, na kwenye vyuma vyote vinavyoinua na kurudisha mkono. Ukinyunyiza mafuta ya kopo, kiyeyushi kilichomo kinalainisha ngozi ya juu tu. Vyuma vinacheza, mwenye mali anafurahi, fundi analipwa. Kisha kiyeyushi kinaruka hewani, utando unaganda upya, safari hii na vumbi ndani yake.

Hilo peke yake lingevumilika. Linaloniuma ni kwamba mafuta hayo hayakai yalipopulizwa. Kati ya puli ya mota, kile kigurudumu cha chuma kilicho kwenye ekseli yake, na ukingo wa ndani wa sinia kuna gurudumu dogo la mpira. Halina meno wala mkanda, linaendesha sinia kwa kukwaruzana tu. Likipata utando wa mafuta linateleza, na ndiyo maana sauti inayumba. Halafu chini ya sinia kuna kijulimi chepesi mno kinachotambua kwamba mkono umefika mwisho wa sahani. Kijulimi hicho kiliundwa kifanye kazi kikiwa kikavu. Tone moja la mafuta linakigandisha, na mkono haurudi tena. Kwa hiyo malalamiko yako mawili huenda yametoka kwenye kopo lile lile.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya ukutani, usitegemee swichi. Toa klipu iliyo katikati, nyanyua sinia taratibu, na uangalie gololi zilizo kwenye ekseli zisitawanyike. Ondoa gurudumu la mpira, kisha zungusha ekseli ya mota kwa vidole. Ikiendelea kuzunguka kidogo baada ya kuiachia, ni nzima. Ikisimama pale pale, bushi zake mbili za shaba, yaani vipete vinavyoshika ekseli, zimekauka. Hapo mota inafunguliwa, bushi zinaoshwa na kupewa matone mawili ya mafuta mepesi. Ya cherehani yanafaa, ingawa mimi hupenda oili ya namba 20. Kabla ya kufungua, chora alama ya penseli ubavuni mwa mota kuonyesha kila kipande kilivyokaa. Nimeshaletewa mota iliyorudishwa kichwa chini, ikawa inazungusha sahani kinyumenyume.

Grisi kuukuu inakwanguliwa kwa kijiti cha mbao, kisha inafutwa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka chuma king'ae. Usitumie petroli karibu na mota, wala tina ya rangi, ambayo inakula plastiki na mpira. Gurudumu lifute kwa spiriti peke yake. Paka grisi mpya kidogo sana kwenye gia na sehemu zinazosuguana, ukiacha kijulimi kikavu. Ni kazi ya siku nzima, na hakuna namna ya kuifupisha.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka mwendo wa 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, uhesabu. Mizunguko 100 inatakiwa iishe kwa dakika 3.

Tafadhali usiguse upande wa redio. Kama ni ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, kapasita zake, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, zinaweza kushika umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa.

Mafuta ya kopo yana ndugu yake, nayo ni sarafu. Sindano ikiruka, watu hubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono. Mara nyingi inaruka kwa sababu ile ile ya grisi iliyoganda: mkono unakaribia mwisho wa sahani, kijulimi kimekwama, kinausukuma nyuma. Badala ya kukiosha, wanauongezea uzito. Vichwa vya aina hiyo tayari vinakandamiza gramu kadhaa. Ongeza sarafu, na kila ukipiga unasaga kuta za mfereji wa sahani ambamo sindano inapita. Wengine wanapiga sahani za mwendo wa 45 kwa upande wa sindano uliotengenezwa kwa sahani za zamani za mwendo wa 78, ambao ni mnene zaidi ya mara tatu, halafu wanailaumu sahani kwamba imechakaa. Sahani iliyosagwa haina fundi. Muziki mwingi uliotolewa Nairobi kwenye sahani za 45 miaka ya 60 na 70 unapatikana kwenye sahani hizo tu, katika nyumba kama yenu.

Na kuna wanaotoa mashine nzima na kuweka redio ya USB ndani ya kabati, wakisema vipuri hakuna. Sindano bado zinatengenezwa, na gurudumu la mpira linaweza kuvishwa mpira mpya. Anayekwambia mota imeungua bila kuizungusha kwa vidole hajaipima, ameikisia, na baada ya mota atakisia kitu kingine kwa fedha zako.

Kama mashine bado iko kwa fundi wako, ichukue. Hesabu gololi, klipu na skrubu mbele yake, na kama kuna alichoweka kando, kifuate leo kabla hakijaingia kwenye mashine ya mtu mwingine.