Taji la Malkia Ramonda halikusukwa kwa mkono

Si ukili, wala si picha iliyoongezwa na kompyuta. Taji la Ramonda katika filamu ya Black Panther (2018), pamoja na lile pambo la mabegani, ni vitu halisi vilivyochapwa kwa printa ya 3D. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, alivitengeneza pamoja na Julia Koerner, mbunifu wa kazi za 3D, na umbo la taji alilitoa kwenye isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa.

Njia yenyewe: leza inaunganisha unga wa plastiki tabaka kwa tabaka, na unga uliobaki unashikilia kazi isiporomoke. Ndiyo maana vile vitundu kama vya lesi vimekaa sawasawa hadi kwenye ukingo mpana wa juu. Kwa mkono, duara lile lingepinda kirahisi.

Ila usichanganye na mavazi ya Dora Milaje, wale wanawake askari wanaomlinda mfalme katika filamu hiyo. Zile pete za shingoni zinafuata mapambo ya wanawake wa Kindebele, na rangi zake zina maana: Okoye, kwa kuwa ni jenerali, anavaa za dhahabu, wenzake za fedha. Kazi nzuri mno, na Oscar ya 2019 Carter aliistahili kabisa.