Maswali na Majibu: Uliza Kabla ya Kukanda

Barua nyingi za awamu hii zimetoka kwa watu wanaofungua vituo vya masaji, au wanaotaka kuongeza masaji katika kliniki na saluni walizo nazo. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, pamoja na chache nilizochoka kuzisoma, kwa matumaini kwamba zikijibiwa hadharani hazitarudi.

Swali: Nakaribia kufungua kituo, nami nimekuambatishia orodha yangu ya masaji aina kumi na nane. Mshirika wangu anaona ni nyingi mno. Je, wateja hawapendi kuwa na uchaguzi mpana?

Mshirika wako amesema kweli. Nimeisoma orodha hiyo, na zaidi ya nusu yake ni masaji ya Kiswidi yaliyobadilishiwa mafuta, mshumaa na jina. Hakuna ubaya kuyauza masaji ya Kiswidi, kwani ndiyo msingi wa kazi yetu: mikono mirefu ya kuteleza, kukanda na kufinya, kusugua, kupigapiga na kutikisa. Sifa zake hupewa Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha taasisi ya mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ingawa mpangilio wa mikono tunaofundishwa leo unatokana zaidi na daktari Mholanzi Johann Georg Mezger. Ubaya ni kumwahidi mteja vitu vinne tofauti, kisha kumpa kitu kimoja mara nne.

Anza na aina tatu. Ya kwanza ni hayo ya Kiswidi. Ya pili ni masaji ya kina, ambayo wateja wenye mabega na migongo iliyokaza wataulizia siku ya kwanza. Ya tatu ni masaji ya kiti, ambayo wenye vituo huyadharau bila sababu: mteja hukaa amevaa nguo zake, hakuna mafuta, kazi huisha kwa dakika 15 au 20, na mtu anayeogopa kuvua nguo mbele ya mgeni hupata mahali pa kuanzia. Kiti maalumu cha kazi hiyo kilibuniwa na David Palmer wa Marekani katika miaka ya 1980, nacho hukunjwa na kubebwa hadi ofisini kwa mteja. Masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019, yaache mpaka upate mtu aliyesomea. Hufanyika sakafuni juu ya godoro, mteja akiwa amevaa, kwa kuvuta na kukunja viungo, na atakayejaribu kuyafanya kwa kuiga video atakuja kumtegua mtu.

Lakini kilichonishtua hakimo katika orodha. Katika kurasa zote ulizonitumia, zenye rangi za kuta, aina za muziki na harufu za mafuta, sikuona fomu ya kumhoji mteja. Kabla mkono haujagusa mgongo, ni lazima ujue kama mtu huyo ana homa, kama aliwahi kuganda damu mguuni, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama shinikizo lake la damu limedhibitiwa, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama ni mjamzito, na kama ngozi yake ina jeraha au maambukizi. Muulize pia kuhusu mzio, kwa sababu mafuta ya lozi na ya karanga bado yamo katika chupa nyingi za kukandia. Andika fomu hiyo kwanza. Rangi za kuta zitasubiri.

Swali: Je, ni kweli kwamba masaji huondoa sumu mwilini, na kwamba mteja anywe maji mengi baadaye ili zitoke?

Si kweli. Swali hili linakuja kila awamu, na jibu halijabadilika: kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, navyo havisubiri kukandwa mgongo. Asidi ya laktiki inayosingiziwa maumivu ya baada ya mazoezi huondoka yenyewe kwa muda wa saa moja hivi, hali maumivu hayo hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Masaji yanaweza kuyapunguza maumivu yenyewe, na hilo linatosha kuyauza bila chumvi. Mteja mwenye kiu apewe maji. Sentensi ya sumu iondoeni katika vipeperushi vyenu.

Swali: Wateja wangu wengi husema wasipoumia hawaoni kama wamekandwa. Kuna mmoja hutaka nimbane hadi atoe machozi. Nimpe anachotaka kwa kuwa analipa?

Usimpe. Mtu akizidiwa na maumivu huzuia pumzi, hukunja ngumi na vidole vya miguu, na msuli unaoukandamiza hujikaza kujihami, hivyo unapigana na kitu kilekile ulichokuja kukilegeza. Masaji ya kina hufika ndani kwa kwenda polepole. Pasha tishu joto kwa mikono myepesi, kisha zama kwa kigasha au kiwiko, ukae hapo mpaka msuli ukuruhusu, ndipo usogee. Mwambie mteja akupe namba ya maumivu kutoka sifuri hadi kumi, na asipite sita au saba. Akishindwa kuvuta pumzi ndefu chini ya mkono wako, umezidisha, hata kama mdomoni anasema uongeze.

Naongeza onyo usiloliomba. Yapo matukio yaliyoandikwa na madaktari ya watu waliokandwa kwa nguvu kiasi kwamba misuli yao ilivunjika, protini yake ikamwagika katika damu na kudhuru figo. Ni nadra, lakini mteja anayekupigia simu kesho yake kusema mkojo wake umekuwa wa rangi ya kahawia aende hospitali siku hiyohiyo. Na sehemu ya mbele ya shingo, inapopita mishipa mikubwa ya damu, haikandamizwi kabisa, awe analipa au halipi.

Swali: Nataka kuanza masaji ya mawe ya moto bila gharama kubwa. Naweza kuokota mawe laini na kuyapasha kwenye maikrowevu?

Sijui ni nani aliyeeneza wazo hili la maikrowevu, lakini ningefurahi akae kimya. Jiwe lenye unyevu ndani likipashwa kwa kasi linaweza kupasuka. Lisipopasuka, hupata joto lisilo sawa, upande mmoja vuguvugu na mwingine wa kuunguza, nawe huwezi kujua kwa kutazama. Mawe yanayotumika ni ya basalti, mawe ya volkeno yaliyo mazito na yanayotunza joto kwa muda mrefu. Hupashwa katika maji, ndani ya chombo chenye kidhibiti joto, maji yakiwa kwenye nyuzi joto 50 hivi, na kipimajoto hutumbukizwa kila mara kwa sababu vidhibiti hudanganya. Kumbukeni kwamba maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza ngozi vibaya kwa sekunde tano tu.

Jiwe likitolewa majini, likaushe, lishike mkononi, ligeuze, kisha liguse kwa upande wa ndani wa kigasha chako mwenyewe. Usipoweza kulivumilia hapo, halimgusi mteja. Likifika kwenye ngozi yake, liwe linatembea muda wote. Jiwe la kutulizwa mahali pamoja huwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, wala mteja halazwi juu ya mawe, maana uzito wake hukandamiza joto katika ngozi bila nafasi ya kupoa. Mwenye kisukari kilichomharibia hisia za miguu hafai kwa huduma hii, kwani ataungua akiwa anatabasamu. Na ikiwa fedha haitoshi kununua chombo chenye kidhibiti joto, basi haitoshi kuanzisha huduma hii.

Swali: Je, rifleksolojia, yaani kubonyeza nyayo kwa imani kwamba kila sehemu yake inahusiana na kiungo fulani cha mwili, hutibu kisukari?

Hapana, na mtu mwenye kisukari akija kukandwa nyayo, zichunguze kwanza, kwa kuwa huenda ana kidonda asichokihisi.

Swali: Tumekuwa tukiwakataa wajawazito wote ili tusijiingize matatani. Sasa wanatulalamikia. Tufanyeje?

Kuwakataa wote ni woga wa kutojua, na unawanyima huduma watu ambao migongo na nyonga zao zinawauma kuliko wateja wenu wengi. Hakuna ushahidi kwamba masaji ya kawaida husababisha mimba kutoka. Mimba nyingi zinazotoka hutoka ndani ya wiki 12 za kwanza kwa sababu nyinginezo, ndiyo maana wakandaji wengi huogopa miezi hiyo: wanaogopa kulaumiwa kwa jambo ambalo lingetokea hata hivyo. Kituo kinachoamua kusubiri hadi wiki hizo zipite sikilaumu, mradi kimweleze mama sababu halisi.

Kuanzia katikati ya ujauzito, asilazwe chali kwa muda mrefu, kwa kuwa uzito wa tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye anaweza kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Mlaze ubavu: mto mmoja chini ya kichwa, mwingine wa kukumbatia kifuani, wa tatu mrefu kati ya magoti na vifundo vya miguu, na kitambaa kilichokunjwa chini ya tumbo ili lisining'inie. Vitanda vyenye tundu la tumbo sivipendi, kwa sababu huliacha tumbo likining'inia na kuvuta kano zake.

Ujauzito huongeza sana uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo miguu ikandwe kwa wepesi. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu lake haukandwi kabisa. Mama huyo aende hospitali. Vivyo hivyo akiumwa kichwa kwa ukali, akiona vimulimuli, au uso na mikono ikivimba ghafla. Mkandaji asiyezijua dalili hizi asimpokee mjamzito yeyote.

Swali: Wateja waliofanyiwa upasuaji wa urembo wanatuomba masaji ya limfu, yale ya kusukuma majimaji ya mwilini ili uvimbe upungue. Tuna mkandaji hodari wa masaji ya kina. Anaweza kuyafanya?

Uhodari wake ndio utakaomponza. Njia hii ilianzishwa na Emil na Estrid Vodder, wanandoa wa Denmark waliofanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930, nayo hutumia mguso mwepesi wa kuinyoosha ngozi tu, kwa kuwa mishipa midogo ya limfu iko juu juu, na mkono mzito huibana. Apelekwe mafunzoni kwanza, na kila mteja wa upasuaji aje na idhini ya maandishi ya daktari aliyempasua. Mwenye maambukizi ya ngozi, damu iliyoganda au moyo ulioshindwa kazi hapokelewi.

Swali: Tuna kliniki ya fiziotherapia. Tunaweza kuongeza masaji bila kuonekana tumegeuka saluni?

Mnaweza, mkijua mnayauza kwa ajili gani. Mwaka 2017 chama cha madaktari cha American College of Physicians kiliyataja masaji miongoni mwa njia za kwanza zisizo za dawa kwa maumivu ya mgongo yaliyoanza karibuni, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, iliyakubali kwa sharti kwamba yaambatane na mazoezi. Hapo ndipo mahali penu: masaji yampe mtu nafuu ya kuweza kufanya mazoezi, na yaandikwe katika faili lake kama tiba nyingine yoyote.

Kosa ninaloliona zaidi katika kliniki ni ratiba. Mnapanga wateja wa saa nzima mmoja baada ya mwingine, mkisahau kwamba mahojiano, kuvua nguo, kubadilisha shuka na kuandika kumbukumbu vinahitaji angalau dakika 15 kila mara. Mkandaji apewe wateja wanne au watano wa saa nzima kwa siku, si wanane. Urefu wa kitanda ufike kwenye vifundo vya ngumi yake akisimama wima mikono ikiwa chini, na atumie vigasha kuliko vidole gumba, maana gumba ndilo linalowastaafisha wakandaji mapema.

Swali: Baadhi ya wateja wa kiume huomba "huduma za ziada". Tuwajibu vipi bila kuwapoteza?

Wapotezeni. Mkandaji asimamishe kazi, atoke chumbani, na meneja amwambie mteja avae na aondoke. Sharti hilo liandikwe katika fomu anayoitia sahihi kabla ya kuanza, pamoja na maelezo kwamba atafunikwa shuka muda wote isipokuwa sehemu inayokandwa. Mwajiri anayemwomba mfanyakazi avumilie ndiye tatizo la kwanza.

Swali: Taulo zetu zinanuka mafuta hata zikifuliwa. Kuna sabuni mnayopendekeza?

Harufu ndiyo shida ndogo. Mafuta ya mimea yaliyobaki katika kitambaa huungana na oksijeni ya hewa na kutoa joto, na taulo zikitolewa kwenye mashine ya kukaushia zikiwa moto, zikakunjwa na kurundikwa, joto hilo hukosa pa kutokea. Rundo linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baadaye, usiku, wakati jengo limefungwa. Fueni kwa maji ya nyuzi 60 na sabuni ya kutosha ya kukata mafuta, msijaze mashine, acheni mzunguko wa kupoza ukamilike, kisha zitandazeni mpaka zipoe kabisa ndipo mzikunje. Taulo ambalo bado linanuka baada ya kufuliwa mara mbili lisiingie kwenye mashine ya kukaushia, liondoeni kazini.