Kuhusu kura yako kwenye kamati

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba ofisi ya mkuu wa wanafunzi imekutia kwenye kamati ya kuandika upya kanuni za mabweni, na kwamba mmegawanyika. Wengine wanataka mwanafunzi akikutwa na pombe au bangi chumbani afukuzwe mara ya kwanza. Wengine wanataka aonywe na apelekwe kwa mshauri. Unauliza, ningekuwa mimi, kura yangu ingekwenda upande upi. Unaniuliza kwa kuwa nilipika pale getini mwa chuo miaka mingi, nanyi mkalelewa kwa pesa za chapati zile.

Kwanza nikwambie nilichokuwa nakiona. Anayeacha kula ana jambo. Hilo nililisema hata juu ya mjomba wako, wakati wote nyumbani walidai ni uchovu wa kazi. Kijana anakuja kila jioni, chapati mbili na madondo, anaomba aongezewe mchuzi. Pesa za HELB, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zinaingia, anapotea. Akionekana tena ni asubuhi, anataka supu peke yake, kijiko kinagonga bakuli kwa kutetemeka, wenzake wanacheka eti anatoa loki, yaani anajitoa uchovu wa pombe ya jana. Kufika mwisho wa mwezi jina lake liko kwenye daftari langu la madeni. Na wengi walianzia zile wiki za kwanza kabisa za mwaka wa kwanza, mtoto ametoka kwao juzi, hana wa kumuuliza jana usiku alikuwa wapi, na anatafuta marafiki kwa pupa. Kama mnataka kuzuia, shughuli ianze wiki hizo, na mpishi wa kantini, mfagiaji na askari wa geti waambiwe wampigie nani simu wakimwona mtoto anadidimia. Anayeacha kula ana jambo, na wanaoliona kwanza huwa hawaitwi kwenye kamati.

Najua hilo si swali lako. Nafika.

Unakumbuka ile asubuhi dadako alibaki peke yake kibandani akigeuza chapati, nawe ulikuwa darasa la sita, ukalia kwa kuwa hakukuwa na wa kukusuka? Hatukukueleza vizuri kilichotokea. Kabla hakujapambazuka walikuja vijana wawili wakitaka chai ya rangi, kali, na ndimu nyingi. Niliuliza ni ya nani. Wakatazamana. Mmoja, yule mwembamba aliyekuwa akila githeri kwa deni, akasema, "Mama, kuna mwenzetu amelala sana."

Askari wa geti alikuwa mteja wangu, akanipisha. Nilimkuta kijana amelazwa chali, shati jeupe la kufanyia mtihani wa mdomo, kola imelowa matapishi, kiatu kimoja mguuni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Alikuwa akikoroma, kisha kimya, kimya kirefu, ndipo anavuta tena. Nilimgeuza alale ubavu, nikamwegemeza mgongo kwa begi lake la vitabu, nikawaambia chai hiyo wainywe wenyewe, waite teksi. Hawakutaka. Kwenye ubao chini ya ngazi kulikuwa na tangazo: atakayepatikana amelewa atasimamishwa masomo. Walikuwa wamekesha na mwenzao usiku mzima, wakimmwagia maji, kwa kuogopa karatasi ile.

Tulimbeba kwa blanketi. Hospitalini daktari alitueleza kwamba pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa, ndiyo maana aliyelala akiwa nafuu anaweza kuzidiwa saa moja baadaye. Maji baridi, kahawa na ndimu havimwondolei kitu. Akipumua polepole, akiwa baridi, akikosa kuamka hata ukimtikisa, ni hospitali, na asiachwe peke yake. Yule kijana alipona.

Chuo kikawasimamisha wote watatu. Mwaka mzima, aliyekunywa na waliombeba, kwa hesabu moja. Yule mwembamba hakurudi tena. Nilimwona baadaye Gikomba, soko la mitumba Nairobi, akipanga viatu, akanisalimia kwa heshima, akataka kunilipa deni la githeri. Nilikataa, nikaenda nyuma ya vibanda nikalia. Mwanangu, hata leo likinijia silali.

Na muhula uliofuata, bweni la pili, mwingine alilazwa hivyo hivyo. Hakuna aliyetoka kuomba chai wala kuita mtu. Walimfunika wakamwacha apumzike. Asubuhi akatolewa maiti, pamoja na godoro lake.

Kwa hivyo mimi ningeuliza hivi: ile saa nane ya usiku, anayemwona mwenzake hapumui vizuri ataogopa nani zaidi, kifo au ninyi? Nimesikia Marekani vyuo vingi vina kanuni kwamba anayeita msaada, na anayeitiwa, hawaadhibiwi kwa kunywa. Andikeni hilo kwa Kiswahili chepesi, libandikwe pale pale chini ya ngazi.

Utasema nawabembeleza walevi. La. Alikuwapo mwanafunzi aliyekuwa akiwauzia wageni wa mwaka wa kwanza biskuti za bangi, wengine hawajui wanakula nini. Huyo simtetei, aondoke. Ingawa nilijua alianza kuuza baada ya kukosa karo... lakini hapana, anayewalisha wenzake sumu aondoke. Ona, nimeanza tena kubishana na nafsi yangu.

Unasema wenzako wanategemea ile sera ya serikali ya 2025, inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa nyumbani. Hilo la kupeleka naliunga mkono kabisa, bodaboda leo anafika na chupa hadi mlango wa bweni. Lakini ile sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilipozifungia baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi, vijana wetu walinunua mapema wakajifungia chumbani, mahali ambapo hata mimi siwaoni. Sheria iwepo. Anayeacha kula ana jambo hata akiwa na miaka 30.

Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, iandikwe nyuma ya kila mlango. Na mshauri wenu asiwe na ofisi mlango mmoja na ile ya nidhamu, hakuna mtoto atakayekanyaga pale.

Kura ni yako, mimi sijakalia kiti hicho, na babako alinikataza kuwaamulia mkishakuwa watu wazima. Ila nikisikia umeinua mkono upande wa kufukuza mara ya kwanza... basi, naacha hapo. Rasimu ikiwa tayari unisomee kwa simu kabla hamjatia sahihi, uanze na kile kipengele cha anayembeba mwenzake.

Mamako