Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta: tizama athi

Sheikh, umeuliza kuhusu spika za gari yako zinazolia kama nzi ukikanyaga mafuta: mlio huo mara nyingi si ubovu wa ampu (kikuza sauti cha muziki). Umesema athi, yaani waya hasi wa ampu unaofungwa kwenye bati la gari, umeifunga kwenye nati ya mkanda wa kiti: nati hiyo si ya kuchezewa, tena hapo pana rangi, na kwa upepo wetu wa chumvi huku Wete pana kutu pia, na vyote viwili vinazuia umeme. Kwangu nilikwangua bati la buti kwa msasa hadi likang'ara, nikakaza bolti, nikapaka grisi juu. Waya wa athi usizidi nusu mita, unene sawa na wa waya chanya utokao kwenye betri. Waya za sauti zipite upande mwengine wa gari, mbali na huo wa chanya.

Na fyuzi je? Iwe kwenye waya chanya, karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Waya ukichunika njiani bila fyuzi, gari inaweza kushika moto.