Urani kwenye mito iliyokufa, maswali yenu

Mmeniuliza mengi kuhusu urani inayotafutwa kwenye mito ya kale iliyofukiwa, haya nimeokota manne.

Urani iliingiaje mtoni, si madini ya kwenye miamba?

Ililetwa na maji. Graniti ina urani kiduchu, maji yenye oksijeni yanaiyeyusha yanashuka nayo mpaka kwenye mchanga wa ule mto wa zamani, yanapenya humo taratibu miaka na miaka mpaka yakutane na kitu kinachomaliza oksijeni, kwa mfano magogo na majani yaliyozikwa na mto wenyewe, hapo urani haiwezi kuyeyuka tena inaganda kwenye chembe za mchanga. Beverley kule Australia Kusini ndo hivyo, zaidi ya mita 100 chini. Langer Heinrich ya Namibia ni habari nyingine, ile ni jangwa, jua lilikausha maji yakabaki mawe ya chokaa na kanotaiti, yaani madini ya njano yenye urani, tena karibu na juu.

Si mnapita tu na mashine ya mionzi mnaiona?

Ingekuwa rahisi hivyo wote tungekuwa matajiri. Udongo wa nusu mita hivi unatosha kuficha karibu mionzi yote ya gama, kwa hiyo ndege yenye kipimo inakusaidia sehemu kama Langer Heinrich, ila kwa kitu kilicholala mita 100 itapita juu kimyaaa. Kwa hiyo usitafute urani, tafuta mto kwanza! Mara nyingi mto uliofukiwa una maji chumvi na mfinyanzi, vinapitisha umeme vizuri kuliko mwamba wa pembeni, basi helikopta inapita na koili yake inauchora ulivyojikunja. Ndo unaleta rigi, yaani mtambo wa kuchimba mashimo, unachoronga mashimo kwa mstari unaoukata mto kama daraja. Halafu angalia rangi ya mchanga, hii watu wanaidharau sana. Mchanga mwekundu au wa njano oksijeni imeshapita, wa kijivu bado, na pale rangi zinapobadilika ndo pa kung'ang'ania.

Kipimo kimelia sana shimoni, tumepata?

Pole pole kaka. Kile kipimo kinasikia zaidi watoto wa urani, yaani elementi zinazozaliwa urani inapooza polepole, hasa bismuthi-214, sio urani yenyewe. Maji yanaweza kuihamisha urani yakaiacha radiamu, mmoja wa watoto hao, pale pale, na radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo unapata kelele bila mali. Na urani iliyohamia juzi juzi (juzi ya kijiolojia lakini) haijazaa watoto wa kutosha, inakaa kimya wakati ipo. Mimi nilishashangilia shimo moja mpaka nikanunulia watu soda, majibu ya maabara yalivyorudi nikajificha kwenye tenti. Siku hizi kuna kipimo cha nyutroni kinachoshushwa shimoni, hicho kinapima urani-235, aina moja ya urani yenyewe, moja kwa moja.

Bahi na Manyoni nako ni mto?

Kule ni zaidi mabonde yenye maji yanayoingia yasipate pa kutokea, undugu wake ni na Langer Heinrich. Mkuju kule Namtumbo ndo mchanga wa mito hasa, mito ya enzi ya kale iitwayo Karoo, mchanga wake umeshakuwa mwamba siku nyingi.

Na wewe uliyetuma picha ya jiwe la njano, hiyo inaonekana kutu ya chuma. Ila kama huna uhakika litoe uvunguni kwanza.