Re: Kiklingoni ni lugha kweli?

Mkuu umeuliza kama Kiklingoni, kile wanachoongea Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine kwenye tamthilia na filamu za Star Trek, ni lugha kweli au makelele ya waigizaji tu, mi hapa nasubiri kivuko Kamanga nina muda, ngoja nikujibu. Ni lugha kabisa, ina sarufi yake, aliitunga mwanaisimu Marc Okrand na kamusi ikatoka 1985.

Sasa utamu uko hapa, sisi tukisema "nakupenda" tunabeba mimi, wewe na kupenda kwenye neno moja si ndio, na wao hivyohivyo, wanasema qamuSHa', hiyo qa peke yake ni mimi kwako, muS ni kuchukia, halafu Ha' inatengua, yaani vile sisi funga inavyozaa fungua na ziba ikazaa zibua. Kupenda kwao ni kama "kuchukiua" aisee!! Nilivyogundua nikampigia dada yangu Igoma usiku uleule nikamweleza lote.

Halafu mtendwa anatangulia, mtenda anakuja mwisho, kwa hiyo ukisema "sato kala paka" kwa mpangilio wao paka ndo kashiba. Na Uhura, yule mhusika wa Star Trek ya kwanza ya 1966, jina lake limetoka kwenye uhuru wetu huuhuu.

Kivuko hicho kimefika, nikivuka naendelea.